Skrubu za Taya la Juu

Zawadi ya harusi ambayo Hillevi alipewa na baba yake ilikuwa meno ya bandia, ya juu na ya chini, seti kamili. Miaka hiyo ya hamsini, huko kwenye visiwa vya mawe kaskazini mwa Göteborg, Uswidi, hilo halikuwa jambo la kushangaza. Msichana akishachumbiwa, wazazi wanaomjali walimpeleka mjini akang'olewa meno yote, mabovu kwa mazima, ili asije akamtia mumewe gharama huko mbele. Torkel, baba yake, alikuwa mchonga mawe, mtu wa maneno machache, na aliamini kabisa kwamba anamtendea binti yake wema. Siku ya kung'olewa alivaa kofia yake ya kanisani. Alikaa kwenye chumba cha kusubiri, kofia mapajani, akisikiliza kila kilichopita mlangoni.

Hillevi alikuwa na miaka kumi na tisa, na meno yake mengi yalikuwa mazima. Alipokalishwa kwenye kiti alijaribu kusema, "Haya ya mbele niachieni," lakini ganzi ilikuwa imeshaushika ulimi, na kilichotoka ni sauti kama ya ndama. Daktari hakuuliza anasema nini. Mfupa ulikuwa ukilia ndani ya kichwa chake, karibu na masikio, na kila jino lililotoka lilidondoka kwenye sahani ya bati.

"Haya, binti, tumemaliza," daktari alimwambia, akimsogezea bakuli la kutemea. "Hutasumbuka na meno tena maisha yako yote."

Aliolewa na Evald, mchomeleaji vyuma kwenye kiwanda cha meli, wakahamia mjini, kwenye nyumba ya ghorofa tatu ambayo chini ni ya mawe na juu ni ya mbao. Hillevi akapata kazi ya kuunganisha simu katika hospitali kubwa. Kazi ilimfaa, kwa sababu watu walisikia sauti yake bila kuona mdomo wake. Hofu yake kubwa ilikuwa nyumbani. Aliapa kwamba Evald hatamwona kibogoyo hata siku moja. Alilala na meno mdomoni. Aliyasafisha bafuni mlango ukiwa umekomewa na maji yakitiririka kwa nguvu ili mlio wake usisikike. Kila mtu akicheka mezani, yeye aliweka kiganja mdomoni, na watu wakadhani ni haya ya watu wa visiwani. Kadiri miaka ilivyokwenda mfupa wa taya la chini ukazidi kwisha, na meno ya chini yakawa yanaogelea. Akiuma mkate mkavu, yanainuka. Akisema neno lenye "s" nyingi, yanapiga mluzi.

Alipofika miaka arobaini, Evald alirudi kazini jioni moja akasema, huku akivua viatu, kwamba mke wa jamaa mmoja pale kiwandani amewekewa skrubu za titani, chuma kisichoshika kutu, kwenye taya, na meno yakafungwa juu yake, hayatoki. "Eti ni hapa hapa mjini," alisema, bila kumtazama. "Nimeona nikuambie tu."

Hillevi akaenda. Aliogopa mpaka miguu ikafa ganzi kabla ya mdomo, lakini alikwenda. Skrubu za wakati ule zilikuwa zimekerezwa kwenye mashine, nyororo, zinang'aa. Ilibidi zifukiwe ndani ya mfupa na kusubiriwa miezi mingi, mpaka mfupa uzikubali. Zilipokubalika, meno ya chini yakafungwa juu yake, na Hillevi akala tofaa zima, akisimama dirishani, juisi ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Taya la juu aliliacha na meno yake ya bandia, maana hayo yalikuwa bado yanashika.

Yalishika mpaka Evald alipokufa na yeye kustaafu. Hapo na meno ya juu yakaanza kulegea, na Hillevi, akiwa na miaka sitini na nane, akarudi kwa madaktari. Safari hii alihudumiwa kwenye kliniki mpya na kijana mchangamfu aliyemwonyesha skrubu za kisasa. Hizi hazikung'aa. Zilikuwa za kijivu kilichofifia, zimekwaruzwa kwa makusudi kwa mchanga na tindikali. "Mfupa unazipenda hivi," kijana alisema. "Zinashika upesi. Hutangoja kama zamani." Hakusema uongo. Zilishika upesi. Zikawekwa sita, na Hillevi akaanza kutabasamu mbele ya watu bila kuweka mkono. Kila wiki alikwenda kucheza dansi za kizamani kwenye ukumbi wa wastaafu, na huko akakutana na Alvar, fundi wa injini za feri, mjane kama yeye, mwenye goti la bandia na maneno mengi.

Haikupita miaka saba, asubuhi moja mswaki ukatoka na damu.

Hapakuwa na maumivu. Hilo ndilo lililomfanya anyamaze. Alisuuza, akajiambia ameswaki kwa nguvu mno. Kesho yake damu ikarudi. Baadaye ikaja ladha ya chuma, kama aliyelamba ufunguo, halafu harufu. Alijifungia bafuni kama enzi za Evald, akainua mdomo wa juu kwa kidole na kubonyeza ufizi juu ya skrubu ya pili upande wa kulia. Likatoka tone la usaha, jeupe, taratibu, kama kwamba lilikuwa likisubiri kuitwa.

Alijua njia inayoanzia hapo inaishia wapi: kwenye kiti, taa usoni, kitu kikidondoka kwenye sahani ya bati. Akafunga mdomo. Akaufunga kwa karibu miaka miwili.

Alinunua peremende za mnanaa kwa pakiti. Aliacha kumbusu mjukuu wake shavuni. Kwenye dansi alianza kugeuza uso pembeni, na mwishowe akaacha kwenda. Alvar alimpigia simu.

"We bibi, unanikimbia siku hizi?"

"Miguu, Alvar. Miguu haitaki."

"Miguu yako? Mimi ndiye mwenye goti la dukani, na nacheza! Sema umepata bwana mwingine, nijue moja."

Hillevi alicheka, kiganja kikiwa mdomoni, ingawa alikuwa peke yake jikoni.

Lakini neno lile la miguu likawa kama amejiapiza. Ngazi za ghorofa ya tatu zikaanza kumshinda. Alisimama kila kona akihema, moyo ukigonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Binti yake, Ragna, mpishi wa shule, mwanamke wa mikono minene na subira kidogo, alimkokota hospitali. Daktari wa moyo akamwambia kwamba vali, ule mlango wa damu ndani ya moyo, imekakamaa na kuwa finyu, itabidi ibadilishwe.

Hillevi alipokea habari hiyo kwa utulivu uliomshangaza Ragna. Kisha daktari akaongeza: "Kabla hatujaigusa vali, daktari wa meno atakukagua. Mdomo ukiwa na uchafu, bakteria wanaingia kwenye damu na kwenda kukaa kwenye vali mpya. Hilo hatulitaki kabisa."

Ragna alimwona mama yake akibadilika rangi. Kufunguliwa kifua hakukumtisha, kufunguliwa mdomo kukamtisha.

"Meno yangu mazima," Hillevi alisema upesi.

"Vizuri, basi itakuwa kazi ndogo."

Siku ya ukaguzi alikwenda peke yake. Alifika mpaka mlangoni, akaona kupitia kioo mtu aliyevaa barakoa akipita na sinia la vyombo, akageuka. Alipanda tramu ya kwanza iliyokuja bila kusoma inakwenda wapi. Ragna alipompigia jioni, alijibu, "Wamesema ni safi," na sauti yake, ile ya miaka thelathini ya simu, haikutetemeka hata kidogo.

Kuanzia hapo hofu ikawa mbili, na kila moja ikiinyanyua nyingine. Akiukumbuka mdomo, anauwaza moyo. Akiusikia moyo, anausikia na mdomo. Hospitali waligundua hakufika, wakampangia tarehe nyingine, na Hillevi akapata wazo ambalo kwa mtu mwenye hofu lilionekana la busara: atajisafisha mwenyewe kwanza, ili wakija kuangalia wasikute kitu.

Alichukua sindano ya kufumia ya chuma, nyembamba, yenye ndoano, akaichemsha kwenye sufuria ya mayai. Alikaa jikoni mbele ya kioo cha kunyolea cha Evald. Akaisukuma chini ya ufizi, na alishtuka ilivyokwenda mbali. Pale ambapo palipaswa kuwa na mfupa, sindano ilizama tu. Ikakutana na skrubu, na ilipoikwaruza, ikatoa mlio wa kusaga uliomfika mpaka utosini. Kilichotoka kilikuwa cha rangi ya samli, kinanata, kinanuka. Akakwangua tena. Kila akikwangua kilibaki kingine, kimeng'ang'ania ndani ya vishimo vya chuma ambako ndoano haikufika. Damu ilimjaa mdomoni, ikachuruzika kwenye kitambaa cha meza, naye hakuacha mpaka kitambaa kilipolowa.

Ragna alimkuta siku iliyofuata kitandani, amejifunika koti juu ya blanketi, anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Mashavu yalikuwa moto, midomo ya bluu.

"Mama! Umekula nini? Umeanguka?"

"Funga dirisha," Hillevi alisema. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Hospitalini walimlaza, wakamchukua damu, na kwenye damu wakakuta bakteria wa mdomoni. Daktari wa moyo hakuficha. Alisema wanaangalia kama wameshafika kwenye vali, na kama wamefika, mambo yatakuwa mazito sana. Hillevi alilala chali, dawa ikidondoka kwenye mshipa, akisikiliza moyo wake. Kila pigo aliliona kama pampu inayosukuma ile samli inayonuka kwenda kila pembe ya mwili. Alipomezeshwa mpira wenye kipimo cha mawimbi ya sauti cha kuitazama vali kwa nyuma, aliuma kidude cha plastiki walichompa, akasali ile sala fupi ya utotoni aliyodhani ameisahau.

Vali ilikuwa safi. Bado. "Bado" ndilo neno alilolisikia.

Basi daktari wa kinywa akaletwa. Jina lake Nasrin Kohan, mwanamke aliyeletwa Göteborg na wazazi wake kutoka Shiraz, Iran, akiwa mdogo, na lafudhi yake ilikuwa ya mitaa ya bandarini kuliko hata ya Hillevi. Ragna alikuwa amekaa kando ya kitanda. Hillevi alimtazama Nasrin, akamtazama binti yake, akasema, "Ragna atoke."

"Sitoki," Ragna alisema.

"Nimesema utoke!"

"Mama, kama ni habari ya meno, nayajua. Nayajua tangu nina miaka saba. Na baba alijua."

Hillevi akamgeukia binti yake.

"Unadhani kile kikohozi chake kilikuwa cha nini? Kila akipita koridoni lazima akohoe kwa sauti, hata watu wa chini wanasikia. Nilimuuliza. Akaniambia, 'Mama yako anahitaji muda wa kujiweka sawa, na wewe ukohoe.' Nikawa nakohoa na mimi."

Hillevi aliigeukia dari. Machozi yalimtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni, na hakuyafuta. Kisha akafungua mdomo.

Nasrin alipima kila skrubu kwa kichuma chembamba, akapiga picha za eksirei, akaziweka kwenye skrini. Hakupaza sauti, na aliongea na Hillevi mwenyewe.

"Tazama chini. Hizi ni za zamani, nyororo. Zina miaka thelathini na kitu humo, na mfupa umezishika mpaka juu, pale pale ulipoachwa. Sasa tazama juu. Unaona mfupa ulivyoliwa, umekuwa kama kikombe kuzunguka kila skrubu?"

"Naswaki zote sawasawa," Hillevi alisema. Ilimtoka kama mtoto anayekanusha.

"Najua. Mdomo mmoja, mswaki mmoja. Tofauti moja ni ngozi ya chuma. Ile ya kijivu imejaa vishimo. Ikiwa imezama ndani ya mfupa, hivyo vishimo ni neema, mfupa unang'ang'ania. Lakini ufizi ukirudi nyuma kidogo, sehemu ya vishimo ikabaki nje, bakteria nao wanang'ang'ania. Wanakaa chini kwenye vishimo ambako mswaki haufiki, wanajitengenezea utando, wengine wanakuja kukaa juu ya wale, tabaka juu ya tabaka. Dawa ikija inawakuta wamejifunika. Kwenye chuma nyororo pia wanakaa, usidhani hawakai, ila ni rahisi kuwafuta."

"Kwa hiyo yule kijana alinidanganya."

"Hapana. Watu wengi wana skrubu kama zako na wako salama. Kwa nini kwako imekuwa hivi, siwezi kukuapia. Skrubu nyingine tungeziokoa mapema, kama ungekuja." Akazima skrini. "Ungekuja mapema ingekuwa rahisi, nalisema mara moja tu, silirudii."

Mpango ulikuwa huu: kuufungua ufizi, kuzitoa skrubu mbili ambazo hazina mfupa tena, na zile nne zilizobaki kuzisugua sehemu iliyo wazi mpaka iwe laini, ili utando usipate pa kushika. Mpaka papone, juu hapatakuwa na meno ya kudumu.

"Nitakuwa kibogoyo," Hillevi alisema.

"Kwa miezi kadhaa. Utapata ya bandia ya muda."

Alisema hataki. Alisema heri afe na meno yake. Ragna akaangua kilio kwa hasira, akamwambia kwamba hayo si meno yake, ni vyuma vya watu vinavyotaka kumuua, na kwamba yeye Ragna hajamaliza kuwa na mama. Muuguzi alichungulia mlangoni akaondoka. Mwishowe Hillevi aliomba jambo moja tu: kila kitu kisemwe kabla hakijafanywa.

Nasrin alitimiza. "Sasa sindano. Sasa nakata, utasikia kusukumwa. Sasa nazungusha hii, itatoka." Hillevi alishika mikono ya kiti. Skrubu ya kwanza ilitoka na mlio wa kitu kinachong'oka kwenye mbao mbichi, na mtu akaiweka kwenye sahani. Sahani ililia. Hapo hapo ile miaka yote ikaporomoka, akawa na miaka kumi na tisa, ulimi mzito, baba nje ya mlango na kofia yake. Akainua mkono. Mwili mzima ulikuwa unaruka.

Kila mtu akasimamisha kazi. Hakuna aliyemshika wala kumwambia atulie. Nasrin aliondoa vyombo, akasogeza taa, akangoja. Hillevi alihema, akameza damu, akahema tena. Kabla ya siku hiyo hakuna daktari aliyewahi kusimamisha kazi kwa ajili yake. Alilala hivyo kwa muda, akiwatazama wanavyongoja. Kisha akashusha mkono wake mwenyewe.

Kusugua kulikuwa kubaya kuliko kung'oa. Kijiwe cha kusugulia kiliizunguka titani kwa mlio mkali, maji yakimwagika, vumbi la kijivu likigeuka tope midomoni na kufyonzwa na bomba. Fuvu lote lilikuwa linaimba. Alidhani moyo utasimama pale pale, vali na yote, na aliufuatilia pigo kwa pigo mpaka Nasrin aliposema, "Nimemaliza. Zimekuwa laini. Pumua."

Vali ilibadilishwa wiki chache baadaye, damu iliporudisha majibu safi. Asubuhi ya upasuaji walimtaka atoe kila kitu kinachotoka mdomoni, na Hillevi akampa Ragna meno yake ya muda mkononi, mbele ya wauguzi wawili na msukuma kitanda, mdomo wa juu ukiwa umeporomoka ndani. Ragna aliyafunga kwenye leso na kuyatia mfukoni kama funguo za nyumba.

Alvar alikuja kumwona siku ambayo hakutarajiwa, na meno yalikuwa kwenye glasi, mbali na mkono. Hillevi alivuta shuka mpaka puani. Halafu, akiwa bado chini ya shuka, akamweleza yote, tangu kisiwani.

Alvar alisikiliza, akajipapasa goti. "Mimi goti la chuma, wewe taya la chuma," alisema. "Tukigongana kwenye dansi tutatoa cheche, watuite zimamoto."

"Usinichekeshe, mshono unauma."

"Basi nitakaa kimya." Hakukaa kimya hata dakika moja.

Meno ya juu yalifungwa tena masika yaliyofuata, juu ya zile skrubu nne zilizosuguliwa. Hillevi alirudi kwenye dansi, akipumzika kila baada ya nyimbo mbili. Hofu haikumtoka. Kila miezi mitatu Nasrin alimpitishia kile kichuma chembamba, na kila mara, tangu siku mbili kabla, chakula hakikupita. Kwa miaka mitatu majibu yalikuwa mazuri. Kisha, mwezi wa Februari, theluji ikiwa tope barabarani, Nasrin alisita kwenye skrubu ya mwisho kushoto, akaipima mara ya pili.

"Inatoa damu kidogo. Nimeisafisha. Urudi mwezi ujao, tuone."

Hillevi alivaa koti, akashuka, akasimama kituo cha tramu. Mkono ulitaka kwenda mdomoni. Akautia mfukoni, akatoa simu.

"Ragna? Moja inatoa damu. Ya kushoto."

"Nakuja sasa hivi."

"Usije, una watoto mia mbili wa kuwalisha. Nimetaka ujue tu."

"Unaogopa?"

"Sana," Hillevi alisema, akasogea pembeni kuipisha tramu inayoingia.